Raba za Mlango na Hewa Izilayo

Gari la Datsun 240Z, lililotoka Japani mwaka 1969, likashinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, lingali na wapenzi walitunzao hata leo. Na aghalabu afunguaye mlango wake hukuta chuma kimetengenezwa, rangi imerudishwa na injini yanguruma, ilhali raba zizungukazo kioo zimekauka, zimesinyaa pembeni, nazo zapitisha upepo na maji ya mvua.

Lawama hutupiwa jua na umri. Jua lina sehemu yake, lakini hasimu mkubwa ni ozoni, aina ya oksijeni yenye atomu tatu, ambayo katika hewa tuivutayo haizidi kwa kawaida sehemu chache katika kila milioni mia, nayo yatosha. Molekuli za mpira wa asili ni mithili ya nyuzi ndefu zilizojikunja. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na kibiriti na kupashwa moto, nyuzi hizo hushikamana, hata ukivutwa hurejea umbo lake. Waama, husalia ndani yake viungo maradufu vya kaboni, na hivyo ndivyo ozoni iviandamavyo ikavikata. La ajabu ni kwamba mpira uliolegea hustahimili muda mrefu, bali uliovutwa hupasuka upesi, nyufa zake zikiukingama ule mvuto.

Kwa hiyo fundi auvutaye mpira mpya ili ufike pembeni ameutia maradhi siku ile ile ya kuufunga, na kabla ya nyufa kuonekana utakuwa umejirudi na kuacha mwanya. Heri aukate mrefu kidogo kuliko kipimo, aanzie kwenye ncha na pembe, kisha ziada aisukumie ndani kidogo kidogo, akiilainishia njia kwa maji ya sabuni, wala si kwa grisi ya petroli. Kabla ya hayo gundi kuukuu iondolewe yote na kutu isuguliwe kwa msasa. Kazi hii inachosha, lakini mpira haukai sawa juu ya uchafu. Nami ningechagua EPDM, mpira uliotokana na elimu ya Karl Ziegler na Giulio Natta, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963, kwa kuwa uti wa molekuli zake hauna viungo maradufu, na ozoni haipati pa kuuma. Ila mafuta huuvimbisha.

Raba nyembamba zilizo chini ya kioo hupangusa maji tu, haziyazuii kabisa: mengine huingia ndani ya mlango makusudi, yatokee kwenye matundu ya chini, na atakayeyaziba matundu hayo kwa rangi ataozesha mlango wake kutoka ndani.

Mlango ukiwa mgumu kufungika, usiharakie kulegeza komeo. Uache umefungwa siku kadhaa, mpira ujizoeze na nafasi yake, ndipo komeo lirekebishwe.