Je, Wajua? Linki ya Kweli na Linki Geresha

Je, wajua kwamba kata ya Sokon I iko Jiji la Arusha, lakini Sokon II iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha? Menyu ya tovuti ikiandika "Sokon" tupu, mwananchi anaweza kuangukia ofisi isiyo yake.

Je, wajua kwamba wasioona wengi hawasikilizi ukurasa wote? NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana na James Teh. Wote wawili hawaoni. Ukibonyeza Insert na F7, inakukusanyia linki zote za ukurasa katika orodha moja. Sasa sikiliza orodha ya tovuti ya utalii iliyofanyiwa ulipualipua: "soma zaidi, soma zaidi, bofya hapa, soma zaidi." Ipi ya Meru, ipi ya Ngorongoro? Andika "Kupanda Mlima Meru", basi.

Je, wajua kwamba linki ya kweli kwenye HTML ni herufi moja, a, na anwani yake ndani ya href? Mafundi wenye mbwembwe huacha hiyo, wakachukua tagi ya span, wakaipaka bluu na kuisukuma kwa JavaScript. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Jaribu kitufe cha Tab: kivinjari kinaipita span kana kwamba haipo. Kwenye simu, ukiishikilia kwa kidole hupati "nakili anwani" umrushie mwenzako WhatsApp. Na Google wametamka wazi kwamba roboti wao hufuata kwa uhakika linki zenye a na href. Kwa kampuni ya utalii, hapo tumeshatoka kwenye huruma, tunaongea habari za wateja.

Je, wajua kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 inaitaja intaneti waziwazi? Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010.

Je, wajua kwamba linki ya kwanza kabisa inafaa iwe "Ruka hadi habari kuu"? Anayetumia kibodi hana haja ya kupitishwa menyu nzima kila ukurasa.

Na je, wajua kwamba lang="sw" juu ya ukurasa huiambia programu isome Kiswahili? Isipokuwepo, "Ngarenaro", jina la kata ya Arusha, linaweza kutamkwa Kizungu hadi mkazi wake asilitambue.