Kuongeza Muda wa Wageni Wetu

Jamaa zangu, hapa Eagan kila mwaka hutufikia wageni: mama aliyekuja kumhudumia bintiye katika arubaini yake, shangazi aliyekuja harusini. Miezi sita hupita upesi, na haja bado ipo. Ndipo tunapoulizana: ili kuongezewa muda, zatakiwa karatasi gani?

Majawabu hayafanani. Dada yangu mwaka 2022 alilipa dola 455, akaitwa kupigwa alama za vidole. Shemeji yangu, Juni 2024, alilipa dola 470, wala hakuitwa. Mmoja alipeleka taarifa ya benki ikatosha. Mwengine alipeleka kama hiyo, akaandikiwa alete na tiketi ya kurudia na barua ya daktari. Watu wakasema, "Hawa wanatuchezea."

Kwanza, tufahamu kwamba kanuni hubadilika. Ada ya alama za vidole, dola 85, iliondolewa tarehe 1 Oktoba 2023. Ada ya fomu I-539 ilipanda kutoka dola 370 tarehe 1 Aprili 2024, ikawa 470 kwa karatasi na 420 kwa intaneti. Nasaha ya jirani yaweza kuwa ya kweli, na isikufae.

Pili, linalotakiwa si karatasi fulani bali uthibitisho: kwa nini mgeni anataka kubaki, vipi atarudi kwao, na nani atamgharimia. Afisa ndiye apimaye kama ushahidi umetosha. Nimesomesha miaka mingi. Mwanafunzi akinakili jibu la mwenziwe kwa swali lisilo lake hupata sifuri, hata jibu likiwa sahihi. Basi ijibuni barua iliyowajia nyinyi, kabla ya siku iliyotajwa ndani yake.

Lisilobadilika ni tarehe. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Mwisho wa kukaa umeandikwa katika hati ya I-94, ambayo tangu 2013 wanaoingia kwa ndege huitazama kwa intaneti. Ombi lifike kabla ya tarehe hiyo, na shauri la serikali ni siku 45 kabla. Anayezidisha zaidi ya siku 180 bila ruhusa, kisha akaondoka, hufungiwa mlango miaka 3. Akitimiza mwaka, miaka 10. Kwa bibi wa miaka sabini, hiyo ni kuagana na wajukuu.

Wekeni nakala ya kila karatasi, na risiti. Barua isipofahamika, ipelekeni kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kuileta barazani.