Je, Wajua? Kupimwa Kinyama cha Tezi Dume

Saratani ya tezi dume ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya, lakini kipimo cha damu cha PSA pekee hakiithibitishi. PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, hupanda pia kwa maambukizi au tezi kutanuka uzeeni. Uthibitisho hutokana na vinyama vinavyotolewa kwenye tezi yenyewe na kuchunguzwa kwa hadubini.

Mkazi wa Kitui au Makueni anayeshukiwa kuugua hupelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti, mjini Kitui au Wote. Akihitaji huduma zaidi, huweza kuelekezwa Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Kabla ya vinyama kutolewa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda humweleza daktari mapema. Mgonjwa hupewa antibiotiki, kisha hulala kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa. Kwa njia iliyozoeleka, kifaa cha ultrasaundi huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, ganzi hudungwa, na sindano nyembamba huchukua vipande 10 hadi 12. Kwa kawaida shughuli haizidi nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Damu kidogo kwenye mkojo au choo kwa siku chache ni kawaida; kwenye shahawa huweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Homa, kutetemeka, damu nyingi au kushindwa kukojoa ni dharura: mgonjwa arudi hospitalini mara moja.

Saratani ikipatikana, ukali wake hupimwa kwa alama za Gleason, 6 hadi 10.