Zipu Ikiharibika, Tazama Kichwa Kwanza



Baridi imeanza, na kila Jumamosi mlangoni mwa darasa kuna mtoto anayehangaika na zipu ya koti. Moja imekwama, nyingine ikifungwa inaachia. Wengi wetu tunasema koti limekufa, tunanunua jingine. Kumbe mara nyingi koti ni zima. Kilichochoka ni kile kidude kinachopanda na kushuka, yaani kichwa cha zipu.

Zipu inavyofanya kazi

Zipu ina tepe mbili za kitambaa, na kila utepe una safu ya meno. Ndani ya kichwa kuna njia yenye umbo la herufi Y. Ukivuta juu, safu mbili zinaingia kila moja kwa njia yake, kisha zinabanwa pamoja, na kila jino linaingia katikati ya meno mawili ya upande wa pili. Ukishusha, kabari ndogo iliyo ndani ya kichwa inayatenganisha.

Zipu yenye meno ya namna hii ilibuniwa mwaka 1913 na Gideon Sundback, injinia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani. Kabla yake, Whitcomb Judson alikuwa ametengeneza kifungio cha viatu chenye kulabu mwaka 1893, lakini kilikuwa kinafunguka ovyo.

Kabla ya kutupa koti au begi

- *Imekwama:* paka meno nta ya mshumaa au sabuni kavu ya kipande, kisha vuta taratibu, juu na chini.
- *Imeng'ata kitambaa:* usilazimishe. Nyoosha kitambaa kwa mkono mmoja, rudisha kichwa kilikotoka kwa mkono mwingine.
- *Inafungwa halafu inaachia:* kichwa kimepanuka, hakibani tena. Kibane kidogo kwa koleo, kulia na kushoto sawasawa. Ukizidisha kitavunjika.
- *Meno yameng'oka:* hapo mpelekee fundi cherehani abadilishe zipu nzima.

Begi la shule lisijazwe hadi zipu ivutwe kwa nguvu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno langu kama muuguzi

Zipu huweza kubana ngozi: kidevu, na kwa watoto wa kiume, sehemu za siri. Mzazi, usivute kwa nguvu, utaongeza jeraha. Mtulize mtoto, kata kitambaa kinachoizunguka zipu ili isivutwe, kisha mpeleke hospitali. Huko wanaweza kukata kile kidaraja kidogo cha kichwa, na pande mbili zikaachana. Kinga ni rahisi: mtoto avae chupi kabla ya suruali, na afunge zipu polepole. Nawe mtoto, likikupata jambo hili, mwambie mzazi mara moja. Si aibu.

Tuseme kwa Kiswahili

Zipu hii imekwama. Zipu hizi zimekwama.
Jino hili limeng'oka. Meno haya yameng'oka.
Kichwa hiki kimelegea. Vichwa hivi vimelegea.

Kazi ya nyumbani

Pamoja na mzazi, hesabuni zipu zote za nguo na mabegi yenu. Tafuteni moja mbovu, mjaribu kuitengeneza, kisha Jumamosi ijayo utueleze kwa Kiswahili ilikuwa na tatizo gani.