Injini ya Kijapani katika Land Rover Kuukuu

Ukitoka Eldoret kushika njia ya Malaba, kabla ya kufika Turbo, utakuwa umekaribia Sugoi, nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Katika nchi kama hiyo Land Rover ya zamani si pambo la uani. Ni gari la kubebea magunia, mikebe ya maziwa, na pengine mgonjwa anayekimbizwa hospitali usiku wa mvua.

Gari hilo lilizaliwa Uingereza mwaka 1948. Bodi yake ni ya aluminiamu isiyoliwa na kutu kama chuma, kwa hiyo mwili hudumu. Kinachochoka ni injini. Ile ya petroli ya lita 2.25 ilisifika kwa uvumilivu, lakini kiu yake haina kifani. Basi wenye magari hayo wengi huing'oa, wakatia injini ya dizeli ya Kijapani iliyokwisha kutumika. Na mlango wa injini hizo ni bandari yetu ya Kilindini.

Kwetu sisi watu wa pwani jambo hili si geni. Huko Lamu vyombo vilivyozoea tanga vimefungwa injini. Fundi aliyehitimu haanzi na injini. Huanza na mkuku na mataruma, akajiuliza kama chombo kitastahimili mtikisiko. Na gari ni vivyo hivyo. Abadilishaye injini hajabadilisha injini peke yake. Amekitwika kila kilichoko nyuma yake mzigo mpya.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni chasi. Bodi haina kutu, lakini chasi ni ya chuma, na kutu yake hujificha kwa ndani. Pigapiga kwa nyundo usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya kufa. Chasi iliyooza haistahili injini yoyote.

La pili ni nafasi. Chini ya pua ya Land Rover ipo difu ya mbele, na injini ya kigeni mara nyingi huja na sampu iliyoning'inia mahali pabaya. Gari likiwa limesimama vyote huonekana sawa. Likiingia shimoni, springi hujikunja, difu ikapanda na kuitoboa sampu, oili yote ikamwagika njiani. Fundi mwangalifu hupima springi zikiwa zimekandamizwa, si zikiwa zimepumzika.

La tatu ni kiungo cha injini na giaboksi. Hapa hutengenezwa sahani ya chuma ya kuviunganisha, na kazi hiyo ni ya mashine ya kukerezea, si ya macho. Shafti mbili zisipolingana katikati, hata kwa unene wa unywele, klachi itatetemeka na beringi zitakufa kabla ya wakati wake.

La nne ni nguvu. Wengi hudhani kadiri injini ilivyo na nguvu ndivyo bora. Lakini shafti za magurudumu ya nyuma za Land Rover hizi zinajulikana kwa kukatika zinapolemewa. Nguvu isiyo na mfupa wa kuibeba ni hasara.

La tano ndilo la roho za watu, nalo ni breki. Gari la petroli lenye kisaidizi cha breki hukiendesha kwa mvuto wa hewa unaotoka katika injini yenyewe. Injini ya dizeli haitoi mvuto huo. Inahitaji pampu yake, ambayo katika dizeli nyingi za Kijapani imefungwa pamoja na altaneta. Fundi akiisahau pampu hiyo, gari litawaka vizuri na kwenda vizuri. Dereva atajua siku atakapokuwa na shehena kwenye mteremko wa Salgaa, njia ya Nakuru, akikanyaga breki akaikuta ngumu kama jiwe.

Kazi ikiisha huanza maradhi, na dalili ya mvua ni mawingu. Injini ikiwaka kisha ikazima, shuku hewa iliyoingia katika mipira ya dizeli, na uitoe kwa pampu ya mkono kabla hujamlaumu aliyekuuzia. Kumbuka pia kwamba dizeli inayozidi hurudi tangini, na tangi la petroli la zamani halina mlango wa kurudishia; sharti utobolewe. Stata ikizunguka kivivu, tazama waya wa ethi kati ya injini na chasi, maana injini imekaa juu ya mipira isiyopitisha umeme. Na kama gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, yawezekana umeme wake ulifungwa kinyume, chanya ikiwa ndiyo ethi. Altaneta ya kisasa ikifungwa humo bila kugeuza nyaya itaungua papo hapo. Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Agusaye vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichoponya.

Kisha iko hali ya nchi yenyewe. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na taboo, ambayo pampu yake imepimwa kwa hewa nzito ya pwani, itatoa moshi mweusi huko juu, kwani dizeli ni nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, hivyo kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho Mombasa pengine kingevumiliwa, huko kitalichemsha gari.

Mwisho ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Kenya yamtaka mwenye gari aarifu kila badiliko linaloifanya hati ya usajili isiwe kweli, na namba ya injini imo katika hati hiyo. Gari hukaguliwa, na daftari hurekebishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Usipofanya hivyo, polisi akilinganisha namba atakuona mwizi, na mrithi wako atashindwa kuliuza.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukionyeshwa Land Rover kuukuu yenye injini changa, usishangilie mlio wake. Omba kuisoma namba ya injini na hati, ukanyage breki injini ikiwa inanguruma, kisha chutama utazame sampu imeachana na difu kwa kiasi gani. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza.