Ukimhamisha Mhubiri Umeyalipia Mahubiri Nauli

Mji wetu wa Gisenyi na mji wa Goma ni kama vyumba viwili vya nyumba moja. Ukuta uliopo katikati ni mpaka wa dola, lakini sauti hupenya. Mama avukaye na fungu la mboga kichwani huvuka pia na wimbo alioupata katika ibada. Zama za Wajerumani, askari na wafanyabiashara Waislamu walitujia na swala pamoja na lugha hii ya Kiswahili. Mwaka 1901 Mapadri Weupe walifungua misioni ya Nyundo, karibu na hapa. Baadaye wakaja wengine, na wengine wangali wanakuja.

Basi mwenye mamlaka, awe askofu, chifu au ofisa wa polisi, afanye nini linapozuka fundisho jipya asilolielewa? Jibu lililowajia watawala wengi ni hili: mkamate anayelifundisha, umpeleke mbali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo limejaribiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, Ulaya na Afrika, na aghalabu limezaa kinyume cha lililokusudiwa.

Kutoka Armenia hadi Ufaransa

Uzushi, kwa maana ya kanisa, ni fundisho linalotoka ndani ya dini yenyewe na kupingana na yale yaliyoamuliwa na wakuu wake. Katika karne ya 7 kulitokea katika nchi ya Armenia na mipaka yake kundi lililoitwa Wapaulisiani. Watu hao walikuwa hodari wa vita, na walidharau fahari ya kanisa kubwa. Katikati ya karne ya 8, Kaisari Constantine wa Tano wa Dola ya Rumi ya Mashariki aliwahamisha watu wengi wa mpaka ule, akawapeleka Thrace, upande wa Ulaya, ili wajaze nchi iliyokuwa tupu. Mtawa Theophanes, mwandishi wa tarikh wa zama zile, alieleza waziwazi kuwa uzushi wa Wapaulisiani ulienea huko kwa sababu ya uhamisho huo. Katika miaka ya 970, Kaisari John Tzimiskes alirudia jambo lilelile. Aliwahamishia wengi katika mji wa Philippopolis, ambao leo ni Plovdiv nchini Bulgaria, wawe walinzi wa mpaka wa kaskazini.

Matokeo yake yalikuwaje? Katika nchi hiyohiyo ya Wabulgaria, wakati wa Mfalme Petro aliyetawala tangu mwaka 927 hadi 969, alitokea kasisi aitwaye Bogomil. Wanahistoria wengi huona kwamba alichota katika kisima cha Wapaulisiani. Alifundisha kwamba ulimwengu huu tuuonao ni kazi ya Shetani, na kwamba roho tu ndiyo ya Mungu. Wafuasi wake waliukataa msalaba, waliacha nyama na mvinyo, na walisali Sala ya Bwana peke yake. Kasisi Cosmas, aliyeandika kuwapinga, alilalamika kuwa wanawafundisha watu kutowatii mabwana zao. Hapo ndipo watawala walipotega sikio.

Kaisari Alexios, aliyetawala tangu mwaka 1081 hadi 1118, alimchoma moto kiongozi wao Basil mjini Constantinople. Lakini fundisho lilikuwa limekwisha kuzoea kusafiri. Wafanyabiashara, mahujaji na askari wa vita vya msalaba walikuwa wakipita huku na huko baina ya mashariki na magharibi. Mwaka 1143 watu wenye imani ya namna hiyo walionekana Cologne, Ujerumani. Baadaye kusini mwa Ufaransa likakua kundi kubwa, ambalo vitabu hulitaja kwa jina la Wakathari. Hati moja, ingawa wataalamu wanabishana juu yake, husema kwamba mwaka 1167 kiongozi aitwaye Nicetas alitoka Constantinople akaenda Saint-Félix, karibu na Toulouse, kuwaweka wakfu maaskofu wao.

Papa aliitisha vita vya msalaba dhidi yao. Vita hivyo vilidumu tangu mwaka 1209 hadi 1229. Mji wa Béziers uliangamizwa mwaka 1209, na waliokufa humo walikuwa Wakathari na Wakatoliki pamoja, maana upanga haukuuliza mtu anasali vipi. Mwezi Machi 1244, chini ya ngome ya Montségur, zaidi ya watu 200 walichomwa moto. Ni kweli kwamba mwishowe Wakathari walitoweka. Lakini ilihitajiwa zaidi ya miaka 100 ya vita, ujasusi na magereza kuondoa jambo ambalo makaisari wenyewe walikuwa wamelisafirisha toka Asia hadi Ulaya.

Kimbangu na Kitawala

Msomaji asidhani kuwa hayo ni ya Wazungu tu. Huku kwetu Afrika, Wabelgiji walitenda yaleyale, kana kwamba hawakupata kusoma tarikh ya bara lao.

Mwaka 1921, katika kijiji cha Nkamba, Kongo ya Chini, mwalimu wa dini wa Kibaptisti aitwaye Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu walimiminika kwake hata mashamba na hospitali zikabaki tupu. Mwezi Septemba mwaka huohuo alikamatwa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, na Mfalme Albert akaigeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alipelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Alikuwa amehubiri kwa miezi michache tu, akafungwa miaka 30.

Maelfu ya wafuasi wake walihamishwa pamoja na jamaa zao katika majimbo ya mbali. Kila walikopelekwa walilima, walizaa, walisali, na majirani waliwasikiliza. Imani iliyokuwa ya watu wa Kongo ya Chini ikawa imani ya makabila mengi. Desemba 1959 serikali ya Kibelgiji ililazimika kulitambua kanisa hilo kisheria, na mwaka 1969 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lililipokea. Mwaka 2023 serikali ya Kongo iliifanya tarehe 6 Aprili kuwa siku ya mapumziko ya kumkumbuka Kimbangu. Aliyehukumiwa kufa kama adui wa dola amekuwa fahari ya dola.

Kisa cha Kitawala kiko karibu zaidi na sisi. Asili yake ni vitabu vya chama cha Watch Tower cha Marekani. Mwaka 1908 na 1909, Elliot Kamwana alivihubiri Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi, akabatiza maelfu kabla Waingereza hawajamhamisha. Vijana waliokwenda kutafuta kazi waliyabeba mafundisho hayo hadi migodi ya Rhodesia na Katanga. Neno la Kiingereza lenye maana ya mnara likageuka kinywani mwa watu likawa Kitawala, na wengi wakalisikia kama kutawala. Kwa mtu anayechapwa kiboko na kulipishwa kodi, jina hilo lilikuwa hubiri tosha: siku inakuja ambapo mtawaliwa atatawala.

Wabelgiji waliwakamata wafuasi wa Kitawala huko Katanga wakawahamishia mbali. Kwa njia ya wahamishwa hao na wafanyakazi wa migodi, mafundisho yalifika misitu ya Lubutu na Masisi. Masisi haiko mbali na Goma. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na wananchi walikuwa wakishurutishwa kutafuta mpira na kutengeneza barabara. Mwaka 1944 mtu aitwaye Bushiri alitangaza kwamba mwisho wa utawala wa Wazungu umefika. Uasi ukazuka, damu ikamwagika, na jeshi la kikoloni, Force Publique, likauzima kwa ukali mwingi. Mbegu ya moto ule ilisafirishwa kwa amri ya serikali yenyewe.

Njia nyingine ilianzia Rwanda

Hata hivyo ipo njia nyingine, na ilianzia katika nchi yetu. Mwaka 1929 daktari Joe Church wa misioni ya Gahini alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi. Wote wawili waliona kuwa kanisa limepoa. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa mwalimu Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefariki mwezi Januari 1936. Watu walitubu mbele ya wenzao, walirudisha mali waliyoiba, walisimama usiku kuimba. Wakaitwa Abarokore, yaani waliookoka.

Wakuu wa kanisa walipata wasiwasi. Waongofu hao waliwakemea mapadri hadharani, nao wengine waliwaona wenye kiburi. Mwaka 1941, katika chuo cha kanisa cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwamo William Nagenda. Hapo kanisa lingaliweza kupasuka. Lakini halikuwatangaza kuwa wazushi, nao hawakujitenga. Mazungumzo yaliendelea mwaka hata mwaka, kwa subira na machozi. Uamsho ukafika Kenya na Tanganyika, na mwaka 1947 Nagenda na Yosiya Kinuka wa Gahini walikwenda kuhubiri Uingereza. Wanafunzi wakawa walimu wa walimu wao. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa na utawala wa Idi Amin mwezi Februari 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Kanisa lingalimfukuza mama, lingalimpata wapi mwana?

Lakini nchi yetu haikulishika somo hilo daima. Mwaka 1986 Mahakama ya Usalama wa Taifa iliwafunga karibu watu 300 wa madhehebu madogo, wakiwamo Mashahidi wa Yehova, kwa kosa la kutopigia bendera saluti, kutoshiriki umuganda na kutotoa michango ya chama. Mwaka uliofuata walisamehewa. Ilipofika mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Mashahidi hao wakajulikana kwa kukataa kushika panga, na baadhi yao waliuawa kwa kuwaficha waliowindwa. Ukaidi uleule ulioitwa uadui mwaka 1986 ndio uliookoa roho za watu mwaka 1994. Jambo hilo lastahili kufikiriwa na kila avaaye sare.

Kitendo ndicho cha kutazamwa

Je, tuseme basi kwamba kila mhubiri aachwe afanye apendavyo? La, hasha. Mwaka 1925, mfuasi mmoja wa Watch Tower, Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, aliua watu wengi Rhodesia ya Kaskazini na Katanga kwa kisingizio kwamba ubatizo umewafichua kuwa wachawi. Alinyongwa mwaka 1926, na alihukumiwa kwa kuua, si kwa kubatiza. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada huko Kanungu, Uganda, si mbali na mpaka wetu, na miili mingine ikafukuliwa katika mashimo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu walioshawishiwa kufunga kula hadi kufa, wakiwamo watoto wengi.

Katika misiba hiyo dalili zilionekana mapema, nazo zilikuwa za vitendo. Watu waliuza mali yao yote. Watoto walitolewa shuleni. Wagonjwa walikatazwa dawa. Jamaa walizuiwa kuonana na ndugu zao. Mtu hahitaji elimu ya theolojia kuyaona mambo hayo. Mzazi aweza kuyaona, jirani aweza kuyaona, na askari wa zamu aweza kuyaandika katika daftari lake. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya kidini ilidai usajili, majengo salama na elimu kwa wanaoongoza ibada. Hayo ni mambo ya kupimika. Lakini kama mtu aamini Mungu mmoja au nguvu mbili, kama asali kwa ngoma au kwa kimya, hayo hayapimwi kwa rungu.

Kwa hiyo wewe askari uliyepewa taarifa kwamba kuna watu wanasali usiku katika nyumba fulani, uliza kwanza: watoto wao wanakula? Wanasoma? Wagonjwa wao wanafika zahanati? Mtu akitaka kutoka humo huachwa atoke? Ukipata jibu baya, chukua hatua upesi wala usingoje. Ukipata jibu jema, waache na zaburi zao.

Nawe mzazi, mwanao akirudi nyumbani na dini usiyoijua, usimfungie mlango. Aliyefungiwa mlango na baba yake hulala kwa yule mhubiri, na kuanzia usiku huo hana mwingine wa kumsikiliza. Mketishe, mpe chakula, umwulize anachofundishwa, na umsikilize hadi amalize. Anayekula mezani pako bado anaweza kukusikia.