Yadi Mia Si Mita Mia

Mwaka 1962, huko Perth, Australia, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda mbio za yadi 100 kwa sekunde 9.5. Mwaka 2009, mjini Berlin, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Je, Antao alimpita Bolt kwa wepesi? La, hasha! Yadi 100 ni mita 91.44 tu. Gawanya mita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3.6: Antao alikwenda kilometa 34.7 kwa saa, na Bolt 37.6. Kwa mwendo huo, Bolt akifika mwisho, Antao angalikuwa nyuma yake karibu mita 8. Lakini tusimpunje kijana wetu: sehemu nzito ya mbio ni kuondoka, na mita zilizobaki angalizikimbia akiwa amekwisha kushika kasi.